Mvua za vuli na mimea ya kwetu: mwongozo wa kupanda kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100

Vitabu vingi vya bustani vimeandikiwa watu wa Ulaya, na ukivifuata utaambiwa kwamba Septemba na Oktoba ni miezi ya kufagia majani makavu na kurudisha jembe stoo. Kusini mwa Uganda, kuanzia Masaka na Mpigi hadi Bombo, Jinja na Busia, hiyo ndiyo miezi ya kulitoa jembe. Mvua za vuli huanza Septemba, hukolea Oktoba na Novemba, halafu Desemba zinaanza kukata. Baada ya hapo linakuja jua la Januari na Februari, na jua hilo halina mzaha.

Kazi yote iliyoelezwa hapa imepangwa kwa kuifikiria Januari. Mche uliotiwa ardhini mvua zikianza kukolea unapata miezi miwili au zaidi ya kushusha mizizi. Uliopandwa mwishoni mwa Novemba, watu wakiwa wameshashiba nsenene, wale panzi wa msimu, utaishi kwa jerikeni yako mpaka Machi, na siku utakayosafiri kwenda kijijini kwa Krismasi ndiyo siku utakayoupoteza.

Ndugu zetu wa Gulu, Lira na Arua wasifuate kalenda hii. Kaskazini msimu wa mvua ni mmoja mrefu, unaanza takriban Aprili na kuisha Oktoba au Novemba. Mche wa Oktoba huko unakutana na kiangazi ukiwa bado mchanga kabisa. Huko vuli ni wakati wa kuandaa kitalu na kuwekea uzio miche iliyojiotea yenyewe, hasa yaa, ule mti wa mafuta ya shea, kwa wenyeji moo yaa, ambao hukawia miaka mingi kabla ya kuzaa na hivyo anayeukuta umejiotea shambani ana bahati. Kupanda, ngojeni Aprili.

Ipi ni mimea ya kwetu?

Hapa watu wengi hujidanganya. Mwembe umetoka Asia, na mfenesi pia. Jakaranda imetoka Amerika Kusini, kalitunsi na grevilea zimetoka Australia. Ule mti wa ghorofa ghorofa unaopendwa kwenye viwanja vya Kampala, wengi wanauita mwavuli, ni wa Madagaska. Hata paspalum, nyasi ambazo fundi wa bustani atakuletea kabla hujamaliza kusema neno, asili yake ni Amerika. Sisemi ukate mwembe wako. Embe ni embe. Ninachosema ni kwamba ukiwa na nafasi ya kuongeza, ongeza kitu ambacho nyuki na ndege wa hapa wanakijua na ambacho kimezoea vipindi vyetu viwili vya ukame kwa mwaka.

Mmoja tu ndio ningekuomba uung'oe bila huruma: lantana, yule akayukiyuki wa maua ya rangi mchanganyiko. Ndege hula vitunda vyake na kuvimwaga kila mahali, na shamba likishashikwa nayo utafyeka miaka. Ajabu ni kwamba kifabakazi wetu, mti wa maua mekundu ya moto tunaoupenda hapa, huko Fiji na Hawaii ndio msumbufu. Mti wenyewe hauna kosa, ila umepelekwa kusiko kwao.

Agosti: tembea kiwanjani kwanza

Futi 50 kwa 100 ni takriban mita 15 kwa 30. Toa nyumba, shimo la maji taka, mahali pa gari na kamba za kuanikia nguo, kinachobaki kinatosha mti mmoja mkubwa kiasi, miti midogo miwili au mitatu, ua hai, na vitanda vichache vya maua na mboga. Anayekuuzia miche kumi ya mvule kwa kiwanja hicho anakuuzia ugomvi na jirani.

Tembea saa tisa alasiri uone jua linapiga ukuta gani. Upande huo wa magharibi ndiko mti wa kivuli unakotakiwa. Tembea tena mvua ikinyesha, uone maji ya paa yanaelekea wapi na yanatuama wapi. Angalia juu pia: chini ya nyaya za umeme usipande kitu kitakachopita urefu wa mtu aliyenyoosha mkono. Miti midogo iache mita nne au tano kutoka ukutani na kwenye shimo la maji taka. Mikubwa ipe kumi, na kama huna kumi, basi huna nafasi ya mti mkubwa.

Halafu chimba shimo la kufika goti, ujaze maji jioni. Asubuhi yakiwa bado yamesimama, hapo utapanda juu ya tuta, si ndani ya shimo. Angalia na udongo wenyewe. Karibu na nyumba mpya mara nyingi unachokiona si udongo wa juu, ni ule uliotolewa kwenye msingi: mwekundu, mgumu, una vipande vya saruji na matofali, wala humwoni nyungunyungu hata mmoja. Sehemu hiyo itakula samadi mara mbili ya nyingine, nayo ipe mimea migumu kama mululuza, kichaka cha ua hai. Usiipe mti wa polepole kama msokonoi.

Kuchagua: kila mti na kazi yake

Ukiniuliza mti mmoja tu wa kiwanja kidogo, nitakujibu musambya kabla hujamaliza swali. Unakwenda juu bila kutanuka sana, mizizi yake haina ugomvi na kuta, unatoa maua ya njano yenye umbo la tarumbeta mara kwa mara, na ukiukata unachipua tena. Wakulima wa matooke wamekaa nao shambani vizazi na vizazi kwa sababu haunyang'anyi migomba chakula, na nguzo zake mchwa huzikwepa. Baada ya miaka mitatu au minne utakuwa umekuzidi kimo kwa mbali.

Jjirikiti ni wa mtu anayependa ndege. Hupukutisha majani wakati wa kiangazi kisha hutoa maua mekundu juu ya matawi matupu, wakati ambapo bustani nyingine zote zimechoka. Ndege chozi, wale wadogo wenye mdomo mwembamba uliopinda, hawakosekani hapo. Mizizi yake huongeza naitrojeni kwenye udongo. Ila una miiba, na zile mbegu nzuri nyekundu zenye doa jeusi zina sumu zikipondwa, kwa hiyo kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa tafuta mwingine.

Kifabakazi ni mzuri lakini mpe umbali. Mbao yake ni laini na matawi huvunjika upepo ukija na mvua. Watoto wataufurahia kuliko wewe: vichupa vyake vya maua kabla ya kufunguka vimejaa maji, na ukikibinya kimoja kwenye ncha kinarusha mchirizi hadi usoni kwa mwenzako.

Mutuba, mti wa lubugo, kitambaa cha magome ambacho ufundi wake UNESCO iliutambua mwaka 2005, ni mti wa shamba, si wa kiwanja. Ukiwa na ekari, usikose kuwa nao. Ukiwa na futi 50 kwa 100, mizizi yake itafika kwenye msingi wa nyumba kabla mjukuu hajafika darasa la kwanza. Mvule vilevile, tena miche yake michanga hushambuliwa na mdudu anayefanya vinundu kwenye majani na kuukausha ncha. Musizi unakua haraka na unapendeza, lakini nao ni mkubwa.

Msokonoi, kwa Luganda mukuzanume, unafaa upande wa jikoni. Majani yake ni makali mdomoni kama pilipili na wapo wanaoyatia kwenye mchuzi. Unakua polepole, kijani chake kimekolea mwaka mzima.

Kwa ua hai, upande wa barabarani panda muyonza. Miiba yake inamzuia mbuzi na mwizi, maua yake meupe yananukia, na matunda yakishakuwa meusi watoto wataufahamu ua wako kuliko unavyoufahamu wewe. Upande wa jikoni panda mululuza, unaokatwakatwa na kuchipua bila kulalamika, na nyuki huujaa ukitoa maua. Kwenye mpaka wenye kivuli panda luwaanyi, mmea ambao Buganda imeutumia kuonyesha mipaka ya ardhi tangu zamani. Watu wa Kilimanjaro wanauita isale. Kabla ya kuupanda mpakani zungumza na jirani, maana ukishaota pale, wote wawili mtauhesabu kuwa ndio mpaka.

Chini ya hivyo vyote unaweza kuweka kitambaazi cha maua ya rangi ya chungwa yenye kitovu cheusi kinachojiotea vichakani, na ile yungiyungi ya mpira mwekundu inayochomoza mvua zikianza. Mwali wa moto, ile inayopanda kwa ncha za majani yake, ni maua mazuri kupita kiasi lakini viazi vyake vinaua mtu. Uweke mbali na vitanda vya mboga. Na mboga zenyewe ni nakati na jjobyo. Mbegu zake zinamwagwa moja kwa moja kwenye kitanda, na utakuwa unachuma wakati miti bado inatafuta mizizi.

Kupata miche

Vitalu vya kando ya barabara za Kampala na Entebbe vimejaa mimea ya kigeni kwa sababu ndiyo inayoulizwa. Uliza kwa jina la kienyeji, na uagize mwezi mmoja kabla. Wenye vitalu wengi wanajua pa kuutafuta musambya au jjirikiti mteja akionyesha nia. Kituo cha Taifa cha Mbegu za Miti kiko Namanve, chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, na hapo miti ya asili si kitu cha kuomba kwa kunong'ona. Kabla ya kununua, nenda Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, utazame miti iliyokomaa. Humo kuna ya kwetu na ya ng'ambo, lakini utajionea kwa macho mche wa kaveera, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni, unaishia kuwa na unene gani.

Kwenye kitalu usichague mche mrefu. Chagua mnene wa shina, kimo cha futi moja hadi mbili, wenye majani hadi chini. Ugeuze kaveera: mizizi ikiwa imetoka chini na kuingia ardhini, mche huo umekaa sana na ukiung'oa unaacha nusu yake pale. Ukiweza, mwombe mwenye kitalu akuoneshe mizizi ya mche mmoja. Ikiwa imejizungusha chini mara kadhaa, achana na miche yote ya safu hiyo.

Anayetaka kuotesha mwenyewe aanze Aprili au Mei ili miche iwe tayari vuli. Maganda marefu ya mbegu za musambya yachumwe yanapoanza kuwa kahawia, kabla hayajapasuka na mbegu zake nyepesi kupeperuka. Mbegu za msokonoi hazihifadhiki. Zinatolewa kwenye tunda na kupandwa hapohapo. Chukua mbegu kwa miti mama kadhaa iliyo mbalimbali, si mmoja. Na usiende kung'oa miche Mabira au Mpanga. Hiyo ni misitu ya hifadhi.

Wiki mbili tatu zilizobaki kabla ya kupanda, miche izoeshwe maisha: iondoe kivulini kidogo kidogo, punguza maji. Mche uliolelewa kwenye kivuli na kunyweshwa asubuhi na jioni ukipelekwa uwanjani ghafla unaungua majani siku ya tatu.

Mashimo, mapema Septemba

Chimba kabla ya mvua kukolea. Upana na kina sentimita 45 hadi 60, na kwenye udongo wa msingi wa nyumba nenda 60 kamili. Udongo wa juu, ule mweusi, uweke upande wa kulia. Wa chini, mwekundu, kushoto. Kosa la vibarua wengi ni kuuchanganya wote na kuurudisha hivyohivyo. Kuta za shimo likichimbwa kwenye udongo mfinyanzi zinakuwa laini na kung'aa kama chungu, na mizizi ikifika hapo inageuka na kuzunguka. Zikwaruze kwa ncha ya panga. Changanya udongo wa juu na karai moja ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi ya kuku itaunguza mizizi. Ukisogeza mkono karibu na rundo ukahisi joto, haijaiva.

Siku ya kupanda

Usikimbilie mvua ya kwanza. Septemba ina tabia ya kunyesha siku mbili na kunyamaza wiki. Ngoja mpaka ardhi iwe imelowa kufikia kina cha kiganja na kifundo, uichimbe uone kwa macho. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Septemba hadi Desemba. Usikilize, kwa sababu vuli hazilingani. Ile ya 2019 ilimwaga hadi Ziwa Viktoria likafurika mwaka uliofuata, wakati miaka ya La Nina, maji ya Bahari ya Pasifiki yakipoa, vuli huwa haba na huisha mapema.

Panda jioni au siku ya mawingu. Mwagilia mche ukiwa bado kwenye kaveera. Rudisha udongo wenye samadi shimoni mpaka kimo kinachofaa, chana kaveera kwa wembe toka juu hadi chini, na uitoe yote. Narudia: yote. Vibarua wenye haraka hukata kitako tu na kuuzika mche na mfuko wake, na miaka miwili baadaye mwenye nyumba anauliza kwa nini mti wake haukui. Mizizi iliyojikunja chini ikate. Mstari wa shina ulipokutana na udongo wa kaveera ulingane na ardhi. Ukizika shina linaoza. Jaza, kanyaga kwa kisigino polepole, tengeneza kisahani cha kukusanyia maji, mimina nusu jerikeni hata kama mawingu yametanda.

Kisha matandazo: nyasi kavu au majani ya migomba, unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Acha nafasi ya kiganja pande zote. Yakigusa shina yanaleta uozo, na mchwa wanakuja kula majani makavu kisha wanapitiliza.

Vipandikizi vya ua na vya jjirikiti

Mululuza hauhitaji kitalu. Kata vijiti vilivyokomaa vya unene wa kidole gumba, urefu wa sentimita 30, chini ukate kwa mshazari na juu ukate sawa ili usije ukapanda kichwa chini. Zamisha theluthi mbili ardhini, kila nusu mita. Luwaanyi ni hivyohivyo. Muyonza hutoka kwa mbegu au mche, safu mbili za kupishana, nusu mita kwa nusu mita, na mwaka wa kwanza utadhani umesimama, unajenga mizizi.

Jjirikiti hupandwa kwa kijiti kikubwa, hata kufikia kimo cha mtu. Kikate, ondoa majani, kilaze kivulini siku chache jeraha likauke, ndipo ukitie ardhini. Ukikipanda kingali kinachuruzika utomvu, kinaoza.

Desemba hadi Machi

Mvua zikikata, kumwagilia mara chache kwa kina ni bora kuliko mara nyingi juu juu. Lita kumi kwa kila mche mara mbili kwa wiki zinashusha mizizi. Kikombe cha kila jioni kinaifundisha kukaa juu. Ukisafiri, chukua chupa kubwa ya maji ya kunywa, toboa kizibo kwa sindano, ijaze na uisimike kichwa chini karibu na mizizi. Upande wa magharibi wa mche simika matawi mawili ya kivuli mpaka Februari.

Mchwa hupenda mche wenye kiu. Mwagilia, nyunyiza majivu kuzunguka shina, na uvunje tope la vijia vyao kila unapoliona. Mbuzi wazuiwe kwa miiba ya muyonza uliokatwa au uzio wa mianzi. Lakini muuaji mkubwa kuliko mchwa na mbuzi wakiwekwa pamoja ni mtu wa slasha. Anakuja mara mbili kwa mwezi, analipwa kwa ukubwa wa eneo, na kwake kila kilicho kijani na chembamba ni nyasi. Kila mche uwe na kijiti kilichopakwa rangi nyeupe, kimo cha kiuno, na duara la mita moja lisilo na nyasi analoambiwa asilikanyage. Siku ya kwanza tembea naye mche kwa mche na umtajie majina. Akishajua kwamba ule ni musambya wa mama mwenye nyumba, ataulinda kuliko wewe.

Machi, mvua zikirudi, kwangua gome la mche ulioonekana kufa kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, uache. Mingi huchipua kutoka chini. Pakiwa kahawia mpaka kwenye udongo, ng'oa, tazama mizizi imekufa kwa maji, kwa mchwa au kwa kaveera iliyosahaulika, na uzibe pengo hilo kabla Aprili haijaisha.